Koleo la Kuhasi na Mshipa wa Kushoto

Nimehasi madume ya watu miaka mingi bila kujua ile kamba ninayoibana ina nini ndani yake. Kijijini kwetu, nje ya Bunda, mtu akitaka maksai wa kulimia pamba ananiita mimi. Wanaume wanalilaza dume, wanalifunga miguu, mimi napapasa mfuko mpaka niipate kamba inayoshuka kutoka tumboni, naisogeza pembeni, naibana kwa koleo mpaka nisikie imekatika ndani kwa ndani. Ngozi haichaniki, damu haitoki. Zikipita wiki kadhaa kende zinanywea, dume linapoa, linakubali nira. Nilifundishwa hivyo na baba, na baba naye sidhani kama aliwahi kuuliza zaidi ya hapo.

Nasema kende kwa sababu ni za ng'ombe. Za kwangu nitaziita korodani, ili hata mama mkwe akisomewa maneno haya asiondoke kwenye kiti.

Shida yangu ilikuwa upande wa kushoto. Ilianza nikiwa kijana, kabla sijaoa. Nikishinda nimeshika plau, jioni nasikia uzito kama mtu ananivuta kwa chini, si maumivu ya kupiga kelele, ni ya kukunja uso. Nikipapasa, juu ya korodani ya kushoto kulikuwa na kitu laini kimejikusanya, kama minyoo ndani ya mfuko wa kitambaa. Kulia hakuna. Na jambo lililonishangaza kuliko maumivu yenyewe ni hili: nikilala chali, kile kitu kinapotea. Nikisimama kinarudi taratibu, kama maji yanavyorudi kwenye alama ya kwato ya ng'ombe matopeni. Nikibana pumzi kama mtu anayenyanyua gunia, kinavimba chapuchapu.

Nilikuwaga nafanya mchezo huo peke yangu ndani ya nyumba. Nalala, nasimama, nabana pumzi. Najiuliza, ugonjwa gani huu unaolala mwenyewe akilala? Na kwa nini kushoto? Darasa nililoishia ni la nne, lakini hata mtu wa darasa la nne anaona kwamba mwili haufanyi kitu cha upande mmoja bila sababu. Sikuwa na wa kumuuliza. Kwetu mwanamume akisema anaumwa huko, anapewa jina moja tu, ngiri, halafu watu wanaangalia pembeni.

Nilioa binti wa Suguti, wa watu wanaolima na kuvua. Tukakaa mwaka, tukakaa wa pili, mtoto hakuna. Hapo ndipo walionikosesha miaka yangu walipoanza kuingia mlangoni, na nitawasema, ila bila majina, maana wengine bado tunasalimiana sokoni.

Wa kwanza ni mwenye duka la dawa pale mjini Bunda. Nilimweleza uzito na mtoto kukosekana. Hakunishika popote, hakuinuka hata kwenye kiti chake.

"Hiyo gono sugu," akasema. "Umepita wapi wewe, mura?"

Mura ndivyo tunavyoitana wanaume huku Mara, ni neno la heshima kwa kijana. Yeye alilitamka kama anayemkamata mwizi.

"Sijapita popote."

"Wote mnasemaga hivyo. Leta na mama tumchome."

Mke wangu akachomwa sindano kwa ugonjwa ambao hakuwa nao, mbele ya wateja walionunua panado. Sindano ziliisha, minyoo yangu ya kushoto ikabaki vilevile, inalala nikilala.

Wa pili ni mganga mmoja wa upande wa Butiama. Nilipelekwa na shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke ambaye katika ukoo wetu akikohoa wanaume wazima wanajikung'uta. Mganga alisema ni chango, ule ugonjwa wa tumboni unaozuia mimba, kwamba mke wangu amekuja nalo kutoka ziwani, limenihamia. Akanipa majani ya kuchemsha. Nikalie chungu cha moto nimejifunika blanketi, mvuke uniingie kwa chini mpaka nitoke jasho. Niliipiga nyungu hiyo kila jioni, msimu mzima wa kupalilia. Nilijipika, kwa kifupi. Hayo mtayaona huko mbele yalivyonifanya nimchukie yule mtu kuliko wote, na mpaka leo nikipita njia ile nageuza uso.

Shangazi akapata neno lake. "Mwanangu," akawa ananiambia, mke wangu akiwa palepale anachambua mboga, "wewe umeoa mwamba. Juu ya mwamba mtama hauoti."

Na wa tatu ni kaka yangu wa tumbo moja. Mtoto wake wa kiume alikuwa amefikia kuoa, na ng'ombe hakuwa nao wa kutosha. Kwa mila yetu mwanamke asipozaa anaweza kurudishwa kwao, na ng'ombe wa mahari wakadaiwa. Kaka aliwahesabu wale ng'ombe tuliowapeleka Suguti kila akipita kwetu, kwa macho tu, ingawa hawakuwa hata zizini kwangu. Siku nyingine alikuja na shauri jingine.

"Shemeji," akamwambia mke wangu huku anacheka, "mbona rahisi tu. Mbegu ni ya ukoo. Ndugu akishindwa, ndugu anasaidia. Wazee walifanyaga hivyo."

Mke wangu alikuwa anaparua samaki. Hakuinua kichwa. "Shemeji," akasema, "sogea kidogo, magamba yanaruka. Yatakuingia kwenye jicho unalonitazamia."

Hivyo jambo likawa wazi. Isipopatikana mimba, huyu mwanamke atarudishwa kwao na jina la mwamba, au atabaki kwa njia ya kaka. Mimi sikutaka lolote kati ya hayo. Nilimpenda. Neno hili siliandiki mara nyingi.

Tukaenda Musoma, hospitali. Daktari wa kwanza alikuwa na haraka, watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Alinishika, akaandika, akasema bila kuniangalia: "Una varikoseli. Mishipa ya korodani imevimba. Tutaifunga. Nenda dirishani upange siku ya operesheni."

"Mtafunga mishipa ya wapi, daktari?"

"Ya hiyo kamba inayoshuka. Anayefuata!"

Nilitoka pale nimelowa jasho. Kamba inayoshuka! Nani katika mkoa huu anaijua kamba inayoshuka kuliko mimi? Nimeibana kwa madume mangapi? Na kila dume nililolibana nililiona likiwa maksai. Huyu bwana ananiambia, kwa mdomo wake, kwamba dawa ya kupata mtoto ni kunihasi. Sikwenda dirishani. Nilimshika mke wangu mkono, tukapanda gari la Bunda, nikamwambia wamesema hakuna shida, ni uchovu.

Huyo daktari namweka kwenye hesabu ya wabaya. Hakusema uongo, ila alisema maneno machache kwa mtu aliyehitaji mengi. Maneno yale yalinila miaka mitatu.

Katika miaka hiyo maumivu yakazidi, na korodani ya kushoto ikaanza kupungua. Niliona mwenyewe. Ya kulia kama yai la kuku, ya kushoto inaelekea yai la njiwa. Nilikuwa nimeona kupungua kwa namna hiyo, lakini kwa ng'ombe. Ndipo nikashindwa kukaa nalo, nikamwambia mke wangu kweli yote, kuhusu operesheni, kuhusu kamba, kuhusu koleo.

Nilidhani atalia au atanitukana. Alinitazama kama anayetazama mzani usiokaa sawa.

"Hiyo kamba," akasema, "umewahi kuipasua ukaona ndani?"

"Ya nini kuipasua? Mimi naibana."

"Kwa hiyo hujui imejaa nini."

"Najua kazi yake."

"Hujui, baba. Mimi samaki nampasua kabla sijasema ana mayai au hana. Wewe umekimbia hospitali kwa kitu ambacho hujawahi kukifungua."

Aliniudhi sana, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kesho yake nikaenda machinjioni. Wachinjaji wananifahamu. Nikaomba kende za dume, na kamba zake zote mbili, zisikatwe fupi.

"Fundi leo anakula supu ya wenzake!" akasema mmoja, wakaangua kicheko. Nikacheka nao. Ningewaambia nini?

Tukaziweka juu ya sinia uani. Mke wangu akachukua kisu chake cha samaki, kile chembamba, maana langu ni jisu la kuchinjia. Akachana ngozi nyembamba inayofunika kamba, polepole, kwa urefu. Na mimi, mtu wa koleo, nikaona kwa mara ya kwanza.

Nilitegemea kamba. Haikuwa kamba. Ilikuwa ni mkusanyiko. Kulikuwa na mishipa mingi myembamba, laini, ya rangi ya zambarau, imesokotana kama mizizi ya nyasi ukiing'oa. Ndani yake, katikati, ulipita mshipa mwingine wenye ukuta mnene kidogo, umejikunjakunja kama nyoka. Pembeni, mbali na hiyo yote, kulikuwa na kitu cheupe, kigumu, chembamba. Mke wangu alikizungusha chini ya kidole.

"Hiki sikia," akasema. "Hiki si cha damu. Kigumu kama waya."

Tukakifuata mpaka kwenye kende, tukaona kimeanzia huko, pembeni yake. Tulikaa tumeinama juu ya sinia lile mpaka nzi wakatushinda. Sijui kama kuna mume na mke wengine huku kwetu waliowahi kukaa hivyo. Nilisahau hata maumivu. Nilichokuwa nafikiria ni kwamba koleo langu halichagui. Linabana vyote kwa pamoja, vya zambarau, cha kujikunja na cheupe. Je, daktari naye habagui?

Hilo ndilo swali nililorudi nalo Musoma. Safari hii aliyenipokea alikuwa daktari mwanamke, kijana, umri wa kunizaa hana. Nilitaka kugeuza. Mke wangu akanikanyaga mguu.

"Simama, baba," daktari akasema. "Vuta pumzi, ibane, kama unanyanyua gunia."

Nikashtuka. Ni mchezo wangu uleule wa siku zote, kumbe ndio kipimo chao! Akapapasa nikiwa nimesimama, akanilaza akapapasa tena. Akaniuliza kama nikilala vinapotea, nikasema vinapotea. Akasema vizuri, maana visipopotea mtu akilala, au vikiwa kulia peke yake, au vikitokea ghafla ukubwani, inabidi watazame na tumbo ndani, huenda kuna kitu kingine kinachobana. Akanipeleka kwenye picha ya kupitisha kidude chenye mafuta ya baridi, nikaona kwenye kioo damu yangu mwenyewe inavyorudi nyuma. Nikapewa pia kikopo cha kuletea mbegu. Hayo ya kikopo nayaruka.

Mbegu zilikuwepo. Chache, na nyingi zinazunguka palepale kama kuku aliyekwisha kuchinjwa. Mke wangu naye walishampima. Hakuwa na kasoro.

Nikauliza maswali yangu. "Daktari, kwa nini kushoto?"

Akafurahi, nikaona. Pengine watu hawamuulizagi. Akachora kwa kalamu nyuma ya boksi la glavu. Damu, akasema, ikishafika kwenye korodani lazima ipande irudi juu, na ndani ya mishipa kuna vimilango vya kuizuia isishuke. Mshipa wa kulia unaingia kwenye mshipa mkubwa kwa kulala. Wa kushoto ni mrefu zaidi, unapanda mpaka kwenye mshipa wa figo, unaingia kwa kona ya kusimama. Vimilango vikilegea, damu inashuka na kujaa, na mishipa inatanuka. Si uasherati, si kulogwa, si kitu cha kuambukiza.

"Na mtoto inamzuiaje?"

"Korodani Mungu amezitundika nje kwa sababu zinataka ubaridi kidogo. Damu ya moto ikikaa pale, mbegu zinaiva kabla ya kukomaa. Siyo kwa wote. Wanaume wengi wanayo na wana watoto tele, wala hawajui. Kwako imeonekana inaharibu."

Nikakumbuka chungu cha Butiama na blanketi. Msimu mzima! Nikamweleza. Hakucheka. Akauliza tu, "Nani alikushauri hivyo?" Nikasema ni mtu wa Butiama, nikaishia hapo, maana ningeendelea ningetukana ndani ya hospitali.

Halafu nikamuuliza lile la koleo. Nikamweleza kazi yangu, sinia, kitu cheupe kama waya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu pia kuna ng'ombe," akasema. "Koleo linaua njia zote. Sisi tunafungua padogo tu, hapa kwenye kinena. Mshipa unaoleta damu tunauacha. Huo mweupe ndio njia ya mbegu, hatuugusi. Tunafunga ile iliyovimba tu, inayorudisha damu vibaya. Damu inapata njia nyingine za kupandia, zipo."

"Na mtoto atapatikana?"

"Siwezi kukuahidi. Mbegu huwa zinaongezeka kwa wengi, si kwa wote. Na umechelewa kidogo."

Kuchelewa! Nilimtazama mke wangu. Tulijua nani na nani walituchelewesha.

Kabla siku ya operesheni haijafika, kaka akaitisha kikao cha ukoo. Alikuwa amechoka kusubiri. Wanaume wakakaa uani kwa baba, shangazi akakaa kwenye kigoda chake kama mmoja wao, wanawake wakabaki jikoni, na mke wangu kati yao. Kaka akasema maneno marefu kuhusu nyumba yangu kukosa mrithi, kisha akafika alikokuwa anakwenda: huyu mwanamke arudi Suguti, ng'ombe wadaiwe.

Nikasimama. Mwanamume kwetu hasemi nilichosema. Sijawahi kumsikia akisema.

"Mke wangu mzima," nikasema. "Mwenye ugonjwa ni mimi. Upande wa kushoto. Mishipa."

Shangazi akaguna. "Wanaume wa ukoo huu hawana ugonjwa huo. Nani amekulisha maneno haya, mwanangu? Yule wa jikoni?"

"Shangazi, ni wewe ulinilisha majani. Maneno nimeyatafuta mwenyewe."

Kaka akapiga paja. "Mura! Kwa hiyo fundi wa maksai naye ni maksai!"

Walicheka. Walicheka wote, hata baba mdogo ambaye hasikii vizuri alicheka kwa sababu wengine walicheka. Nilingoja waishe.

"Ningekuwa maksai, kaka, ungeshanivika nira," nikasema. "Ninazo, chache. Nakwenda kutengenezwa. Lakini sikilizeni nyote. Kasoro ni yangu. Nani atakwenda Suguti kudai ng'ombe kwa kasoro ya kijana wetu wenyewe? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mzee aliyeongoza kikao alijikuna shingo, akasema mila haina njia hiyo. Mume akikiri kasoro, ng'ombe hawadaiwi. Kaka aliondoka hajanywa uji. Jioni hiyo mke wangu hakunishukuru. Alinipakulia ugali mkubwa kuliko kawaida, na kichwa cha sato, ambacho siku zote alikuwa anakula yeye.

Operesheni haikuwa kubwa kama hofu yangu. Nilikatazwa kunyanyua mizigo kwa wiki kadhaa, na uzito ule wa jioni ulianza kupungua nikiwa bado natembea kwa kutanua miguu. Minyoo ilinywea. Nilirudia mchezo wangu wa kusimama na kubana pumzi, nikatafuta, sikuipata. Daktari alisema mbegu zinachukua kama miezi mitatu kutengenezwa, nisitazame shamba kabla halijaota. Tulipopima tena zilikuwa zimeongezeka, si nyingi, lakini zinakwenda mbele. Korodani ya kushoto haikurudi ukubwa wake, ipo vilevile ndogo mpaka leo. Hiyo nayo naiandika kwenye jina la kila aliyenichelewesha.

Mimba ilichukua zaidi ya mwaka. Tulikuwa tumeacha kuitaja. Amezaliwa mtoto wa kike, hatujapata mwingine, na huenda hatutapata.

Siku ya saba shangazi alikuja, amebeba ungo wa unga wa ulezi kichwani, na kitenge kipya. Kaka hakuja, mpaka leo hajaja. Shangazi alikaa kitandani pembeni ya mke wangu, akanyoosha mikono, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Nipe nimwone, mama."

Nilitaka kusema. Nilikuwa nayo yote mdomoni, mwamba, mtama, chungu, msimu mzima wa mvuke. Mke wangu akanitazama, akamgeuza mtoto vizuri, akamweka kwenye mikono ile.

"Shika kichwa, shangazi," akamwambia. "Bado hakijakaza."

Mimi nilitoka nje. Nilikaa nyuma ya zizi peke yangu, nawasikia ndani wanacheka kitu, na sikuingia mpaka shangazi alipoondoka.